Regard ya Namba Kumi na Nne

Juma lililopita niliwaacha nikiwa nimesimama juu ya meza ya kulia, mke wangu Émérence amekaa juu ya kabati na kuku wawili mapajani, na maji ya mvua yanazunguka ndani ya nyumba yetu ya Kikula yakitafuta mahali pa kulala. Msomaji mmoja wa Kambove ameandika kwa mhariri kusema nilistahili. Hajakosea, lakini hajui hata nusu.

Kwa aliyekosa sehemu zilizopita, aibu yangu ni fupi kuieleza.

Mimi ni Evariste, karani wa magasin, ghala la vifaa vya kazi, huko Panda. Mwaka ule wa sabini na tano nilikuwa mkuu wa avenue yetu, yaani mtaa, kwa sababu moja tu: nilisoma Kifaransa. Nilikaa shuleni Mulungwishi miaka miwili. Walimu wangu hawana kosa. Mimi ndiye niliyeondoka mapema nikidhani nimeimaliza lugha.

Siku moja chef wa quartier, mkubwa wa mitaa yote ya kwetu, aliniletea barua yenye muhuri. Majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa siku zile, kwa hiyo usoni pake aliitwa Citoyen Chef, raia mkuu, na akigeuza mgongo tu anarudi kuwa Stanislas. Barua ilikuwa na mstari mmoja wa maana: “Prière de dégager le regard devant la parcelle 14 avant les pluies.”

Nilipanda kiti nikaisomea avenue nzima. Kisha nikawafafanulia, taratibu, kama mwalimu. Dégager ni kuondoa vizuizi. Regard ni kutazama. Basi serikali inataka macho yasizuiwe na kitu mbele ya namba kumi na nne kabla ya mvua, na bila shaka kuna mkubwa atakayepita na gari.

Jumamosi ya salongo, ile kazi ya bure ambayo hakuna aliyethubutu kuikosa, tulikata migomba yote upande ule. Tulikata na mahindi mabichi. Taka tulizirundika mbele ya namba kumi na nne, juu ya bamba la saruji lililokuwa pale kandokando ya barabara, safi, kavu, pana. Tukazikanyaga kwa miguu zishuke zisizuie macho. Chef Stanislas akaja na miwani yake ya jua, akatazama mpaka mwisho wa avenue, akasema kwa sauti kubwa: “Sasa regard iko propre, iko safi!”

Mtu mmoja tu hakukata mgomba. Zéphirin wa namba kumi na sita, mzee aliyestaafu kazi ya mabomba. Siku ile nilipokuwa nasoma barua alinyoosha mkono aseme neno. Nikamwambia: “Baba Zéphirin, leo tunasoma barua, hatufungi tuyau.” Watu walicheka sana. Alishusha mkono, akaenda zake nyumbani.

Jumanne mvua ikaja. Hapo ndipo nilipowaacha, mimi mezani na Émérence kabatini.

Sasa tuendelee kuaibika.

Maji hayakuondoka. Hilo ndilo lililotushangaza. Kikula tumezoea mvua ya kishindo: inapiga saa moja, mifereji inakoroma, jioni watu wanafagia tope na kusahau. Safari hii Jumatano asubuhi maji yalikuwa palepale, yamefika magotini, yametulia kabisa, hata mbu wameshayaona.

Na vitu vilikuwa vimehama. Viatu vyangu vya kanisani nilivikuta nyumba ya pili, kimoja sebuleni na kimoja jikoni. Sufuria ya mtu nisiyemjua ilikuwa imeingia kwetu yenyewe, na maharagwe ndani. Émérence naye aliiona sufuria yake ya bukari, ugali wetu, ikielea mlangoni kwa Mama Bibiane, mjane wa namba kumi na nne anayeuza beignets, yaani maandazi.

“Mama Bibiane, ile sufuria ni yangu.”

“Yako? Iko na jina?”

“Iko na alama chini.”

“Basi ingia chini ya mayi uangalie.”

Nilicheka mpaka nilipouona ukuta wa Mama Bibiane. Nyumba yake ni ya matofali mabichi, amepaka saruji juu tu, na chini ile saruji ilikuwa imeanza kubanduka vipande vipande. Yeye mwenyewe alikuwa akiugusa kila mara kwa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Tukajua kuwa ukuta ule hauna siku nyingi.

Adhuhuri chef Stanislas akafika. Baiskeli aliiacha kwenye pembe ya avenue, wanaume wakampangia makasha ya bia akatembea juu yake, suruali imekunjwa, abacost, lile koti la wakubwa lisilo na tai, imefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Alisimama juu ya kasha la mwisho.

“Citoyens, citoyennes! Haya mayi haikuye yenyewe.”

“Mvula ilikuya yenyewe, Citoyen Chef,” akasema Mama Bibiane.

“Mvula ni ya Mungu. Lakini mayi ya kubakia, ile ni ya mutu! Kuko mutu anafunga mayi.” Akavua miwani, akatupitia mmoja mmoja. “Siku ya salongo, nani hakukata ndizi yake?”

Shingo zetu ndizo zilizojibu. Zote ziligeuka kwa pamoja kumwelekea Zéphirin, ambaye alikuwa ameketi mlangoni pake juu ya kiti kirefu, miguu ndani ya maji, anavuta kiko.

“Ni minye,” alisema, akijigusa kifua.

“Juu ya nini haukukata?”

“Ndizi haikuwa na kosa.”

Mtu akacheka, na kicheko kile kikamharibia mzee mambo yote. Ikiwa kuna kitu chef Stanislas hakukiweza, ni kicheko ambacho hakukianzisha mwenyewe.

“Bon. Mwenye anakatala salongo, njo mwenye anafunga mayi. Nafanya enquête, natafuta mukosefu. Siku ya posho narudia hapa. Kama ni yeye, parcelle yake inarudi kwa État.”

Yaani kiwanja na nyumba vichukuliwe na serikali. Siku ya posho ni Jumamosi. Zilikuwa zimebaki siku tatu.

Hapo hakuna aliyecheka tena. Namba kumi na sita Zéphirin aliijenga mwenyewe. Alifyatua matofali, akayachoma, akayapanga, miaka sita kila Jumapili baada ya misa. Mkewe Martine aliugulia humo na akafia humo, chumba cha mbele, dirisha la kushoto. Mzee hakuwa na mahali pengine duniani.

Sasa niungame lile ambalo sikuwahi kumwambia padri. Wakati ule nilikuwa bado sijajua kosa langu, na nilifurahi. Nilitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayezifahamu sheria. Nilijisemea, huyu mzee ananiringia kwa nini? Angekata migomba kama wengine.

Alhamisi nikaenda kazini nikiwa na soksi mbichi.

Wiki ile nilikuwa nimehamishwa. Kwa miaka tisa nilikuwa section ya mabuti na salopettes, zile ovaroli za kazi, vitu ambavyo hata kipofu anavitambua. Jumatatu wakanipeleka section ya mabomba. Nilikuwa sijui kitu, lakini nilikuwa na kalamu sikioni, na hiyo ilitosha.

Saa tatu ikaja bon moja, karatasi ya kuombea vifaa, kutoka atelier ya mafundi. Nikaisoma. Nikaisoma tena. Nikamwita Octave, mpanga mizigo wa siku nyingi.

“Octave, mwenye aliandika hii bon alikuwa alisha kulewa.”

“Juu ya nini?”

“Angalia. Couvercles de regard, fonte, pièces ine. Analomba bifuniko bya kuangaliya. Kuangaliya iko na kifuniko?”

Octave aliniangalia kwa huruma, ile huruma inayouma kuliko tusi. Akanishika mkono wa shati, akanipeleka nyuma kabisa ya magasin. Pale palikuwa na rundo la vyuma vya duara, vizito, vimepangwa kimoja juu ya kingine. Akakipiga cha juu teke.

“Hizi njo couvercles de regard.”

“Na regard yenyewe?”

“Ni tundu, karani. Tundu ya kuingilia kwa kanivo ya chini ya udongo. Unafungua, unatosha buchafu, mayi inapita. Ukiifunga, mayi inarudia kwa nyumba za batu.”

“Zote ni za chuma?”

“Apana. Za zamani, za kule Kikula, ni za sementi. Bamba mukubwa, carré, ya pembe ine, kandokando ya njia, mayi inaingilia chini yake.”

Nilikaa juu ya vile vifuniko. Vilikuwa baridi.

Kumbe barua ilisema: safisheni tundu la mfereji lililo mbele ya namba kumi na nne kabla ya mvua. Na sisi, kwa ufafanuzi wangu juu ya kiti, tulilizika tundu lenyewe chini ya migomba arobaini na mbili, kisha tukalikanyaga.

“Karani, unaumwa?” akauliza Octave.

“Kidogo.”

“Fasi gani?”

“Kifaransa.”

Nilimweleza Émérence jioni, kwa sauti ya chini, yeye kabatini, mimi mezani. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka. Alicheka mpaka kuku wakaruka, mmoja akaanguka majini, ikabidi nimwokoe. Aliponitazama tena machozi yalikuwa yakimtoka.

“Kuangaliya iko na kifuniko! Ee Baba Delphine!” Delphine ni binti yetu, alikuwa kwa bibi yake. “Weye na kile kiti!”

Halafu kicheko kikakatika palepale.

“Na Baba Zéphirin?”

Nikaendelea kumkausha kuku.

“Banataka kumunyanganya nyumba juu ya Kifaransa yako. Leo hii unaenda kusema.”

“Nitasema. Lakini kwanza nitoshe zile taka, mayi iende. Mayi ikienda, chef atasahau.”

“Chef hasahau kitu yenye kumufanya mukubwa. Weye unaogopa.”

“Naogopa nani?”

“Kicheko ya batu.”

Ameniweza huyu mwanamke tangu siku ya harusi. Sikuogopa gereza. Niliogopa sauti ile ya avenue nzima ikicheka, na mimi ndiye ninayechekwa, na yule mzee niliyemnyamazisha amesimama anatazama. Niliapa kwamba kesho nitasema. Nililala juu ya meza nikiwa mtu mwema, maana kesho ilikuwa bado mbali.

Ijumaa kulipopambazuka nilikuwa mbele ya namba kumi na nne nimevaa kaptula, navuta magogo ya migomba. Mgomba uliokunywa maji siku tatu una uzito wa ng'ombe. Unauvuta, unateleza, unakurudia kifuani. Nilikuwa nimeondoa minne tu, nimeshaanguka mara mbili, niliposikia sauti nyuma yangu.

“Karani. Unatafuta nini?”

Alikuwa Zéphirin, kiko mdomoni.

“Natafuta kiatu.”

“Kiatu ya muguu ya ngapi? Yako yote mbili balisha kukurudishia.”

Ndipo nikaona alichobeba: begani kamba nene, na mkononi chuma kirefu kilichopindwa kichwani, cha kazi yake ya zamani.

“Toka hapo,” alisema. “Utaumiza mugongo.”

Tulifanya kazi. Yeye ana miaka sitini na zaidi, na alivuta magogo mawili kwa langu moja, maana alijua wapi pa kufunga kamba. Bamba la saruji likaanza kugusika chini ya maji. Alilipapasa kwa vidole vya mguu, akitafuta kona.

“Baba Zéphirin, ulijua?”

“Nilijua nini?”

“Regard.”

“Miaka makumi mbili na tatu niliingia ndani ya ma-regard ya hii muji. Ningekosa kujua?”

“Na juu ya nini haukusema?”

Akatoa kiko mdomoni, akanitazama vizuri.

“Nilitosha mukono juu,” alisema, akaunyoosha kama siku ile ya barua.

Nilisikia aibu mpaka masikioni. Nimewahi kuaibishwa mbele ya mahakama, wasomaji wangu mnakumbuka lile la mbuzi, lakini lile halikufika hapa. Nilisema, “Nisamehe, Baba.”

“Shika kamba,” akajibu.

Akachomeka chuma, akakitegemea kwa uzito wake wote, mimi nikavuta. Bamba likainuka upande mmoja. Kwanza hakuna kilichotokea. Zéphirin akaingiza mkono mpaka begani, akatoa majani, akatoa mabua ya mahindi, akatoa na kitu kilichokuwa kofia ya mtu. Kisha ardhi ikapiga mbweu.

Sijui neno lingine. Avenue nzima ilipiga mbweu, na maji yakaanza kuzunguka yakishuka. Ndala za watu zikapita mbele yangu, moja moja, zikirudi zilikotoka au zikielekea kusikojulikana. Milango ikafunguliwa. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Bibiane akakimbilia ukuta wake, akauwekea viganja vyote viwili, akaukuta bado umesimama, akalia kwa sauti.

“Baba Zéphirin anatuokoa! Yawe, Baba Zéphirin!”

Walimbeba juu juu, mzee wa watu, huku akiwaambia washike vizuri chuma chake. Mimi nilikuwa bado nimeshika kamba. Nikaona hapa ndipo pa kusema. Nikafungua mdomo. Mama Bibiane akanitia beignet humo ndani kwa furaha, na nikajiambia nitasema nikimaliza kumeza.

Sikuwa nimemaliza. Chef Stanislas akatokea.

Alikuwa amesikia vigelegele kutoka barabara ya soko. Safari hii aliendesha baiskeli mpaka katikati yetu, juu ya tope. Akaitazama avenue iliyokauka. Nilidhani atafurahi. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyealikwa karamu akakuta sahani zimeoshwa. Enquête yake ilikuwa kesho.

“Nani alifungua?”

“Baba Zéphirin!” wakaitikia wote, kwa fahari.

“Zéphirin.” Akatikisa kichwa. “Alijuaje fasi ya kufungua?”

Vigelegele vikapungua.

“Nauliza. Kati yenu, nani alijua kama kuko tundu hapa? Mama Bibiane, weye unakaa hapa mbele, ulijua?”

“Apana, Citoyen Chef. Nilikuwa naanikaka mihogo juu yake.”

“Njo vile. Hakuna mutu alijua. Mwenye anajua tundu peke yake, njo mwenye alifunga tundu. Anaogopa enquête, anakuya kufungua mbio mbio asubui. Enquête inakwisha.”

Waliokuwa wamembeba Zéphirin wakamshusha chini polepole, bila kujua waweke wapi mikono yao. Ile kazi iliyotuokoa ilikuwa imegeuzwa ushahidi, na mimi ndiye pekee niliyeweza kuirudisha.

Nikaimeza ile beignet.

“Citoyen Chef, ni minye.”

“Weye nini?”

“Ile barua. Regard haiko kuangaliya. Regard ni hii tundu. Nilikosa kufasiria.”

Akavua miwani. Akanishika kiwiko, akanivuta kando, penye ukuta wa Mama Bibiane, akasema kwa sauti ya kirafiki kabisa, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

“Evariste. Siku ya salongo nilisema nini?”

“Ulisema regard iko propre.”

“Mbele ya batu?”

“Mbele ya batu.”

“Na kwa commissaire, mukubwa wangu, niliandika rapport. Unajua niliandika nini? Niliandika: regard ilisha kuwa dégagé, tunaona mpaka kwa kanisa.” Akasogea karibu. “Donc minye niko bête, niko mujinga?”

“Apana, Citoyen Chef.”

“Donc regard ni nini?”

Émérence alikuwa akinitazama. Zéphirin alikuwa akinitazama. Ningeweza kusema tundu, neno dogo tu, silabi mbili.

“Ni kuangaliya, Citoyen Chef,” nikasema.

Ndiyo. Nilisema hivyo. Msomaji wa Kambove achukue kalamu yake tena.

Chef akarudi katikati ya watu ameshika bega langu. “Karani anaandika procès-verbal, barua ya makosa, sasa hii. Commissaire anatia signature leo mbele ya saa sita, na parcelle inarudi kwa État. Leta meza!”

Walileta meza yangu mwenyewe, ile niliyoilalia. Nikaketi. Zéphirin akasimamishwa mbele yake, mikono bado inadondosha maji, majani yamemganda mpaka begani. Hakubishana. Aliuliza swali moja tu.

“Nyumba nitaiacha lini?”

“Commissaire atasema.”

“Ni juu ya chumba ya mbele,” alisema Zéphirin. “Martine alikufia mule. Nilitaka kujua kama naweza kutosha kwanza dirisha.”

Mama Bibiane alijifunika uso kwa kitenge. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi na karatasi nyeupe, na moyo wangu ulikuwa umevunjika, nasema kweli. Mtu anayeng'olewa nyumba anaomba dirisha.

Chef akaanza kusema kwa Kiswahili, huku akitembea huku na huku, mikono nyuma. Kazi yangu ilikuwa kuyatia maneno yake kwenye Kifaransa, maana Kifaransa alichokitambua yeye kwenye karatasi ni jina lake na cheo chake tu.

“Andika. Minye, chef wa quartier, nilifika fasi ya makosa.”

Nikaandika, kwa Kifaransa: Mimi, Evariste, karani, nilikosa kufasiri barua ya serikali.

“Andika. Citoyen wa namba kumi na sita alikatala salongo.”

Nikaandika: Citoyen wa namba kumi na sita alinyoosha mkono atuambie, nikamnyamazisha.

“Andika. Alifunga mayi na mukono yake.”

Nikaandika: Mimi niliamuru taka zirundikwe juu ya regard, ambayo ni tundu la mfereji.

Alipotulia, nami nilitulia. Alipopandisha sauti, nilikandamiza kalamu. Sikuwahi kuandika Kifaransa kizuri namna ile. Mstari wa tano niliandika kwamba chef wa quartier alifika, akatazama, akasifu. Wa sita, kwamba chef wa quartier aliripoti kwa commissaire jambo asilolijua. Wa mwisho, kwamba leo asubuhi citoyen wa namba kumi na sita aliyatoa maji na kuzinusuru nyumba zetu.

“Ilisha kwisha?”

“Ilisha, Citoyen Chef.”

Akachukua karatasi. Akatazama juu, akatazama chini, akauliza: “Signature ni wapi?” Nikamwonyesha. Akatia sahihi yake ndefu yenye mkia. Akatoa muhuri mfukoni, akaupulizia pumzi ya moto, akaupiga kwa nguvu mpaka meza ikatikisika. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mfuko wa abacost, akapanda baiskeli.

Tulimwangalia akienda.

Zéphirin akasogea mezani. “Karani. Umeandika nini?”

“Niliandika vile ilikuwa.”

“Jina yangu iko?”

“Iko. Ulitosha mukono juu.”

“Na jina yangu kwa makosa?”

“Haiko. Kwa makosa iko yangu.”

“Na ya chef?”

“Iko mara mbili.”

“Na signature ni ya nani?”

“Ni yake. Na tampon, ile muhuri yake.”

Émérence alijiziba mdomo, lakini alichelewa. Kicheko kilimponyoka. Mama Bibiane akauliza kuna nini, akaambiwa sikioni, naye akaachia. Kikapita nyumba hadi nyumba, na mara ya kwanza tangu siku ya barua nikamwona Zéphirin akicheka, meno yote nje, ameshika meza asianguke. Avenue nzima ilikuwa inacheka, na ilikuwa inanicheka mimi pia. Sikufa. Nilicheka nao, nikalia kidogo.

Kicheko kile kilikuwa kikubwa mno. Kilifika kwenye pembe ya avenue kabla baiskeli haijakata kona.

Chef Stanislas akafunga breki. Akaweka mguu mmoja chini. Akageuza kichwa, akatutazama, watu mia moja waliopaswa kuwa na huzuni.

Kicheko kikafa mdomo kwa mdomo.

Akavua miwani. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi, akaikunjua mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, mara ya nne. Akaanza kusoma kwa kidole.

“Karani,” akanong'ona Zéphirin, bila kuondoa macho kule. “Akiipasula?”

“Basi ataandika ingine. Na mutu mwingine.”

“Na nyumba yangu?”

Nikairudisha kalamu sikioni.

“Jina ya chef inaanza mustari ya ngapi?”

“Ya tano.”

Mzee ana macho makali kwa umri wake. Alisogea hatua moja mbele, akakaza kope.

“Kidole iko mustari ya ine,” alisema.